Swichi za mtandao ofisini: ipi hufanya nini

Swichi ni kile kisanduku chenye safu ya matundu ambamo waya za kompyuta, printa, kamera na seva hukutana. Inapokea data kwenye tundu moja na kuitoa kwenye tundu la mlengwa peke yake, kwa sababu imekariri anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kila kifaa. Habu iliyoitangulia haikuwa na kumbukumbu hiyo: ikipata ujumbe wa mmoja, iliwapigia mbiu wote.

Swichi zote huweza hilo. Zinapoachana ni pale unapotaka kuziamuru zaidi.

Swichi isiyosimamiwa haiamriki. Unachomeka, inawaka, basi. Kwa chumba kimoja chenye vifaa vitano sioni haja ya nyingine. Shida yake huja siku mtu anapokuta ncha ya waya inaning'inia chini ya meza, akaichomeka, kumbe ncha ya pili tayari imo kwenye swichi ileile. Ujumbe wa matangazo, yaani ule unaotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja, huanza kuzunguka na kujizidisha mpaka ofisi nzima inakwama, na swichi yenyewe haina pa kuingia ukaiuliza kulikoni.

Swichi inayosimamiwa ina kinga ya balaa hilo: itifaki ya STP, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, ambayo hugundua njia inayojirudia na kuifunga. Pia hugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa kwa VLAN, wageni wa Wi-Fi kwao, wahasibu kwao, kamera kwao, ingawa wote wanatumia waya zilezile. Namba ya VLAN ina biti 12, hivyo zinapatikana 4,094; ofisi nyingi hazivuki kumi. Kati ya aina hizi mbili kuna swichi erevu, yenye VLAN na mipangilio michache kwa bei nafuu.

VLAN mbili haziongei bila mpatanishi. Ruta inaweza kupatanisha, ila kila faili la mhasibu kwenda kwenye seva iliyo VLAN nyingine litapanda hadi kwenye ruta na kushuka tena. Swichi ya tabaka la 3 husoma anwani za IP na kulimaliza jambo papo hapo. Usiitupe ruta lakini. Mlango wa intaneti kwa kawaida unabaki kwake.

PoE ni suala jingine kabisa, la umeme: swichi inalisha simu ya mezani au kamera kupitia waya uleule wa data. Kiwango cha 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, cha 2009 wati 30, cha 2018 wati 90. Wanunuzi wengi husahau kuuliza jumla. Swichi ya matundu 24 yenye bajeti ya wati 370 italisha vifaa 12 tu vya wati 30, halafu kamera ya 13 haiwaki na fundi anasingiziwa waya mbovu.

Kampuni kubwa huzipanga kwa ngazi. Za chini hupokea watumiaji, za kati huziunganisha na kuweka kanuni za nani amfikie nani, na ya juu kabisa, swichi ya kiini, hupitisha data kwa kasi tu. Kampuni ndogo huunganisha ngazi mbili za juu kuwa moja. Kiini nacho huwekwa swichi mbili, maana ikizimika iliyo peke yake, hakuna ghorofa litakalofikia seva.