Askari wa Majini Alikuwa Akimlinda Nani?

Mwulize mtu askari wa majini ni wa kazi gani, atakujibu ni wa kushuka ufukweni na bunduki. Sawa, ila kazi hiyo haikuwa kubwa kuliko zote tangu mwanzo. Hispania iliunda kikosi chake mwaka 1537, Uingereza 1664, Uholanzi 1665, na wote hao walitakiwa kwanza wapigane melini.

Mimi katika kusoma historia ya manowari huangalia sana nani alilala wapi. Katika manowari za Kiingereza za karne ya 18, machela ya askari yalifungwa katikati, baina ya vyumba vya maofisa na mabaharia. Haikuwa bahati nasibu. Mabaharia wengi walikamatwa bandarini na kutiwa melini kwa nguvu. Nahodha alihitaji watu wa kumkinga nao. Ndiyo maana askari alisimama zamu mlangoni pake, penye ghala la baruti na penye pombe (hapo penye pombe nadhani ndipo palipokuwa pagumu zaidi). Hakulazimishwa kupanda kukunja matanga. Hata hivyo kinga hiyo ilivuja: katika maasi ya mabaharia wa Uingereza huko Spithead mwaka 1797, askari wengi waliungana na mabaharia.

Vita vikianza, walifyatua bunduki kutoka sitahani, na katika meli nyingine kutoka juu ya milingoti. Katika vita vya baharini vya Trafalgar, 1805, risasi iliyomwua Nelson, amiri wa Waingereza, ilitoka kwenye mlingoti wa nyuma wa Redoutable, manowari ya Wafaransa. Ilimwingia begani, ikapenya uti wa mgongo, ikakwama kwenye misuli ya mgongo.

Mvuke na mizinga ya masafa marefu vikaja, meli hazikugusana tena. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt aliamuru askari hao waondolewe kwenye manowari za Marekani. Bunge likawarudisha mwaka uliofuata. Baada ya kunusurika walijitafutia kazi mpya: kuteka fukwe zenye adui.

Kazi hiyo ina adui wa pili, maji. Novemba 1943 huko Tarawa, visiwa vya Pasifiki vilivyoshikwa na Wajapani, mashua za Wamarekani zilihitaji kina cha futi 4 hivi kuvuka mwamba wa matumbawe. Yalikuwa maji mafu, hayakujaa vya kutosha. Mashua zikakwama, watu wakatembea majini mamia ya mita wakipigwa risasi. Magari ya minyororo yanayoelea majini pekee ndiyo yaliyoupanda mwamba. Kuanzia Kwajalein, visiwa vingine vya Pasifiki, Januari 1944, waogeleaji walitangulizwa kuukagua mwamba kabla askari hawajashuka.