"Alitia Sahihi" Si Jibu

Kila video ya muziki inapozua zogo hapa Nairobi, mabishano hufuata mkondo uleule: upande mmoja hulilia maadili, na upande wa pili hujibu kwamba dada anayeonekana ndani alitia sahihi fomu ya idhini mwenyewe, tena akalipwa, kwa hiyo wenye wivu wanyamaze. Jibu hilo nimelisoma tena wiki hii na uvumilivu umenitoka, kwa sababu mimi ni mwongozaji wa video hizo, na sahihi hizo hutiwa kwenye seti zangu.

Suala la bodi nilipitie haraka, maana huchanganywa na hili. Bodi ya Kuainisha Filamu hushughulika na mtazamaji; ndiyo maana mwaka 2019 ilitaka nyimbo kama "Tetema" na "Wamlambez" ziishie kwenye baa na vilabu. Aliye mbele ya kamera alifikaje hapo, hilo si swali lake.

Turudi kwenye sahihi yenyewe. Fomu hutolewa mlangoni, mara nyingi usiku, katika ghala la kukodi kule Industrial Area, na binti huisoma kwa tochi ya simu huku mpambaji akimwita aharakishe. Fomu inasema picha zake zitatumika duniani kote, milele, kwa namna yoyote. Haisemi atafanya nini. Saa kadhaa baadaye nyota, yaani mwanamuziki mwenye wimbo, anawasili, anaukataa mpangilio tuliokubaliana, na sasa anataka binti apige magoti mbele yake, rozari shingoni, joho la kwaya likiwa wazi kifuani. Jenereta inanguruma kwa kodi ya kila saa, wacheza densi wamechoka, na meneja hatoi macho kwenye saa yake. Anayemwomba ni mtu ambaye kuonekana naye kunaweza kumletea kazi ya mwaka mzima, na ambaye neno lake moja kwa maprodyuza linaweza kumfungia milango yote. Binti anasema "sawa". Hiyo ndiyo hiari mnayoitetea.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayetumia taarifa za mtu, picha zikiwamo, athibitishe kwamba idhini ilitolewa, na humruhusu mwenyewe kuiondoa wakati wowote. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hata hivyo, sheria hiyohiyo ina msamaha kwa kazi za sanaa zenye maslahi ya umma, na nina wasiwasi kwamba wakili hodari anaweza kuuvuta hadi ufunike video yoyote ya klabu.

Sitaki picha za kuudhi zipigwe marufuku. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda ubunifu wa kisanaa, nami huishi kwa ulinzi huo. Mwimbaji wa Marekani Madonna alipocheza mbele ya misalaba inayowaka moto kwenye video ya "Like a Prayer" mwaka 1989, Vatican ilimlaani na Pepsi ikaliondoa tangazo lake, lakini uso na jina lililokuwa hatarini lilikuwa lake. Rapa Kanye West, kwenye video ya "Famous" mwaka 2016, alionyesha sanamu za nta zikiwa uchi, zenye sura za watu kama Taylor Swift na Donald Trump. Haikuwa adabu, ila watu hao walikuwa na majukwaa ya kumjibu. Binti wa mtaa wa Kayole hana. Kashfa ikivuma, nyota huvuna watazamaji, na yeye huitwa kikao cha ukoo kujieleza.

Wapo pia wanaojua hasa wanachokifanya, wanaopatana bei kwa ukali kuliko meneja yeyote, na huruma yangu kwao ni matusi. Sijapata kipimo cha kuwatofautisha nikiwa nyuma ya kamera, kwa sababu anayetaka na anayeogopa wote hutabasamu taa zinapowashwa.

Siku hizi onyesho likibadilika, huliandika upya kwa mkono kwenye karatasi ya pili, nikampa binti aisome nyota akiwa nje ya chumba na malipo ya siku yakiwa yameshaingia kwenye M-Pesa yake. Mameneja hulalamika kwamba nawapotezea muda, na baadhi yao hawajanirudia. Wala karatasi hiyo haitoshi, kwa maana nyota akiwa nje bado anajulikana yuko nje akisubiri.