Sendi wedji: lofti ni ya nyasi, mchanga una namba yake

"Kocha, nichukue 56 au 58?" Nafundisha gofu hapa Kampala, na hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo, yaani sendi wedji, fimbo ya kutolea mpira mchangani, iwe ya nyuzi ngapi. Jibu langu huwakera wengi kwa sababu nami nauliza: pichingi wedji yako, ile fimbo ya mapigo mafupi yenye herufi P, ina nyuzi ngapi? Hapo kimya. Mtu anajua saizi ya tairi za gari lake, lakini fimbo anayoipiga kila Jumamosi pale uwanja wa Kitante hajui uso wake umelala kiasi gani.

Tuanzie hapo basi. Lofti ni pembe ya mlalo wa uso wa fimbo: ikiongezeka, mpira unapanda zaidi na unakwenda karibu zaidi. Seti za zamani zilikuwa na pichingi wedji ya nyuzi 48 hivi, na sendi wedji ya 56. Siku hizi watengenezaji wameikaza ile ya kwanza, yaani wamepunguza lofti yake, hadi 45, 44, hata 43, na herufi P iliyochongwa chini ni ileile. Sababu ni biashara kwa sehemu kubwa, maana mnunuzi akijaribu fimbo dukani na mpira ukaenda mbali, anatoa pesa. Lakini kuna ufundi pia: uzito umeshushwa chini ya kichwa cha fimbo, kwa hiyo mpira unapanda vizuri hata lofti ikiwa ndogo.

Sendi wedji yenyewe haikufuata. Imebaki pale pale, 54 hadi 58, na 56 ndiyo iliyozoeleka. Kwa hiyo mwenye pichingi wedji ya 44 akinunua 56 kwa kuwa "kila mtu ana 56", amejiachia pengo la nyuzi 12. Kwa mchezaji wa kawaida pengo hilo ni yadi 30 au zaidi, na liko katika umbali ambao wengi wetu ndipo tunapoachia pigo la pili au la tatu. Utamwona anapunguza nguvu kwenye pichingi wedji, mpira unakufa njiani. Shimo linalofuata anaikamua sendi wedji kwa nguvu zote, mpira unaruka pembeni. Halafu anasema tatizo ni swingi yake, yaani namna anavyozungusha fimbo.

Mimi hupanga nyuzi 4 hadi 6 kati ya wedji na wedji. Ukiwa na 48, weka 52 kisha 56. Ukiwa na 44, weka 50 na 56, au 49 na 54 ukitaka mapengo madogo zaidi. Kanuni inakuruhusu fimbo 14 tu mfukoni, kwa hiyo wedji ya ziada lazima itoe kitu. Toa ile fimbo ndefu unayoiogopa. Sijaona mtu wa hendikapu 20 (kipimo cha kiwango: ikiwa kubwa, mchezaji bado ni dhaifu) aliyejutia kuiacha nyumbani aini 4.

Na umbali usiutoe kwenye jedwali la mtandaoni. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na mpira uleule hauendi sawa na unavyokwenda Mombasa. Nenda uwanja wa mazoezi, piga mipira kadhaa kwa kila wedji, tupilia mbali ile uliyoigonga vibaya, uandike wastani wako.

Utaona sijautaja mchanga bado. Ni makusudi. Lofti tunaichagua kwa ajili ya nyasi, yaani kujaza pengo la umbali. Kinachokutoa kwenye bunka, lile shimo la mchanga uwanjani, ni tumbo la fimbo, yaani upande wake wa chini, na namba yake ni nyingine: baunsi, nyuzi ambazo tumbo hilo linashuka chini ya makali ya mbele.

Gene Sarazen, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1932 katika uwanja wa Prince's, Sandwich, ndiye aliyelieneza wazo hili. Fimbo zenye uso uliolala zilikuwepo kabla yake, ila makali yake yalikuwa membamba na yalichimba mchanga kama jembe. Alichofanya ni kuongeza madini chini ya fimbo, hadi sehemu ya nyuma ya tumbo ikawa chini kuliko makali ya mbele. Fimbo ikiingia mchangani, lile tumbo linaisukuma juu, inateleza chini ya mpira, na mpira unatoka juu ya mchanga uliorushwa. Uso wa fimbo haugusi mpira kabisa.

Ukitaka kuiona baunsi kwa macho, simamisha sendi wedji kwenye sakafu ya vigae, shafti (mpini) ikiwa wima bila kuegemea mbele. Chukua sarafu ya shilingi 500 uisukume chini ya makali ya mbele. Ikipita bila shida, una baunsi kubwa, 12 au 14. Ikigota mara moja, una ndogo, 4 hadi 6. Zile za mtumba ambazo namba zimeshafutika huwa nazianzia hapo.

Sasa bunka zetu. Kati ya Juni na Julai mchanga ni mkavu na laini, na baunsi kubwa ni rafiki. Ije mvua ya Aprili au Oktoba, maji yateremshe udongo mwekundu kutoka ukingoni, jua lipige asubuhi inayofuata: unakuta ganda gumu. Hapo baunsi ya 14, hasa ukifungua uso wa fimbo (kuugeuza nje ulale zaidi), inadunda kwenye ganda, makali yanapiga kiuno cha mpira, na mpira unavuka grini, ile nyasi fupi yenye shimo, hadi kwa watu. Kufungua uso kunaongeza lofti na baunsi kwa pamoja. Wengi wanajua la kwanza wanasahau la pili. Kanuni inakukataza kupima mchanga kwa mkono au fimbo, lakini inakuruhusu kuzamisha miguu unaposimama kupiga. Tumia nafasi hiyo. Miguu ikigoma kuzama, usiufungue uso wa fimbo, uache umeelekea shabaha moja kwa moja.

Kwa kuwa mchanga wetu unabadilika hivyo ndani ya mwaka mmoja, kwa wateja wengi nachagua baunsi ya 10 hadi 12. Anayeteremsha fimbo kwa kasi ya wima, akiacha kipande cha nyasi kama chapati, nampa 12 au 14 maana yeye ndiye mchimbaji. Anayefagia nampa 8 au 10.

Nyuzi 60 je? Wanaiona kwenye televisheni. Inadai swingi ndefu kwa umbali mfupi, na kosa dogo linaipitisha fimbo chini ya mpira mzima. Kama hendikapu yako imepita 15, pesa hiyo weka kwenye 50. Na mwenye uwezo wa kununua wedji moja tu, huku pichingi wedji yake ni ya kisasa, namshauri 54 yenye baunsi ya 12: anaifungua kidogo kwenye mchanga, anaipiga kamili kwenye nyasi.

Mwisho, kwa wanaonunua mitumba: namba iliyochongwa ilikuwa kweli siku fimbo ilipotoka kiwandani. Miaka ya kugonga mawe na mikeka ya mazoezi huipinda shingo. Mwombe fundi aiweke kwenye mashine ya kupimia kabla hujalipa. Ikiwa imetoka kwa nyuzi moja au mbili, fimbo ya chuma laini kilichofuliwa inarudishwa kwa kupinda. Ya chuma kigumu cha kumimina ni afadhali kuiacha. Ukiikaza nyuzi 1 baunsi nayo inapungua nyuzi 1, kwa hiyo 56 yenye baunsi ya 10 uliyoikaza hadi 54 ni fimbo ya baunsi 8, chochote kinachosomeka chini yake.