Uyoga wa kichuguu na mkulima wake

Mvua za vuli zinapoanza kuilowesha Mwanza, uyoga huchomoza kwenye vichuguu vya mashamba yaliyo nje ya mji, na mimi ninayechunguza kuvu huulizwa tena na tena: huu ni mmea wa aina gani? Jikoni uyoga ni mboga, wala hilo halina ubishi, kwa kuwa hata sato huitwa mboga akiwekwa kando ya ugali. Kwa nasaba, hata hivyo, uyoga si mmea. Kuvu, ambazo uyoga ni kiungo chao cha uzazi tu, zina undugu wa karibu zaidi na wanyama, na babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Kuta za seli zao zina kitini, dutu ile ile iliyomo katika gamba la mende, na akiba yao ya chakula ni glaikojeni, kama iliyomo katika maini yetu, si wanga kama wa muhogo.

Kichuguu ndicho kinachonishangaza kuliko vyote. Mchwa wakulima hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvimeza, kisha kinyesi chao chenye vijimbegu vya kuvu hukifinyanga kuwa masega ndani ya vyumba vya chini ya ardhi. Humo kuvu iitwayo Termitomyces huvunjavunja lignini na selulosi, vitu vigumu ambavyo wanyama wengi hawawezi kuvimeng'enya, na mchwa hula vinundu vyake pamoja na sega lililokomaa. Ukiung'oa uyoga wa kichuguu kwa uangalifu utaona shina lake refu likizama udongoni hadi kwenye sega hilo. Kilimo hiki kilianzia Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, na ushahidi mmoja wa thamani kubwa umetoka nchini mwetu: mwaka 2016 wanasayansi walitangaza mabaki ya bustani za mchwa yaliyogeuka kuwa jiwe, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi, kutoka bonde la Rukwa.

Kuvu nyingine hazihitaji hata udongo. Madoa ya kijivu na ya rangi ya machungwa yaliyotanda juu ya mawe ya Mwanza ni kuvumwani, yaani kuvu inayoishi pamoja na mwani. Mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na kuvu huushika mwamba na kuumega polepole mno.

Spishi za kuvu zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000, ilhali makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yanataja kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukoo huu bado haijaandikwa popote. Hilo hunisumbua kila ninapoona vichuguu vikisawazishwa ili kupata viwanja, kabla mtu yeyote hajaangalia kinachoota humo. Uyoga aina ya mamama huweza kuoteshwa nyumbani juu ya mabaki ya pamba, kwa sababu hujitafutia chakula katika vitu vilivyokufa. Termitomyces huhitaji mchwa wa kuilisha, kuisafishia sega na kuilinda dhidi ya kuvu wapinzani, na ndiyo sababu uyoga wake bado huchumwa pale pale mchwa walipoulima.