Je, wajua jinsi ya kuifikia mashine pepe kwa jina hata anwani yake inapobadilika?

Mwanafunzi wa Maseno au fundi wa tovuti mwenye ofisi ndogo Milimani, Kisumu, anaweza kuendesha mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu, ndani ya kompyuta moja, hii ikibeba hifadhidata na ile ikiwa ya majaribio tu. Jana hifadhidata iliitika kwenye 192.168.122.57. Leo, baada ya kuundwa upya, haipo hapo tena, na kila programu iliyoandikiwa nambari hiyo imekwama.

Chanzo ni kwamba anwani hizi huazimwa. Chini ya DHCP, utaratibu wa kugawa anwani za mtandao ulioelezwa mwaka 1997 katika waraka RFC 2131, seva hutoa anwani kwa muda maalumu, na kwa kawaida mashine huanza kuomba nyongeza nusu ya muda huo inapopita. Mara nyingi seva huitambua mashine kwa MAC, nambari ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, ambayo katika mashine pepe hubuniwa na programu. MAC za QEMU na KVM, programu za kuendesha mashine pepe kwenye Linux, kwa kawaida huanza kwa 52:54:00. Ukiifuta mashine na kuiunda upya bila kutaja MAC ya zamani, itabuniwa nyingine, na seva itaipokea kama mgeni ambaye haijawahi kumwona, hata ikiwa umeipa jina lile lile. Kuifungia MAC anwani moja ya kudumu husaidia pale tu ambapo mashine inabaki na MAC ile ile.

Wengi hukimbilia kuhariri kwa mkono faili ya /etc/hosts, orodha ya majina na anwani zake iliyo ndani ya kompyuta. Intaneti yenyewe ilianza hivyo, kwa faili moja ya majina iliyotunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, hadi Paul Mockapetris alipobuni DNS, mfumo wa seva za majina, mwaka 1983 kwa sababu orodha hiyo ilikuwa haishikiki tena. Sioni sababu ya kurudi huko kwa ajili ya mashine nne.

Njia iliyo bora zaidi ni kumwuliza anayejua, yaani seva ile ile iliyotoa anwani. Kwenye Linux, mtandao pepe wa kawaida wa libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, huendeshwa na dnsmasq, seva ndogo inayoweka kumbukumbu ya kila anwani iliyotolewa, na libvirt ina kijalizo cha NSS (mfumo wa Linux wa kutafuta majina) kinachoisoma kumbukumbu hiyo. Ukishakisakinisha, fungua /etc/nsswitch.conf na urekebishe mstari wa majina usomeke hivi:

hosts: files libvirt libvirt_guest dns

Neno libvirt hutafuta jina ambalo mashine ilijitambulisha nalo ilipoomba anwani. Libvirt_guest hutafuta jina ulilolisajili wewe ulipoiunda, na hilo ndilo ninalolipendelea, kwa kuwa halitegemei mipangilio iliyo ndani ya mashine. Tangu hapo amri ya ssh hifadhidata, yaani ya kuingia kwenye mashine hiyo kupitia mtandao, hufika hata anwani ikibadilika, mradi unaitoa kwenye kompyuta hiyo hiyo inayoibeba.

Mambo hubadilika mashine pepe ikiunganishwa moja kwa moja na ruta ya ofisi, kwani hapo ruta ndiyo inayotoa anwani na libvirt haina habari. Stima ikipotea Kondele nzima, ruta ndogo inaweza kuamka bila orodha yake ya awali. Katika hali hiyo, iache mashine ijitangaze yenyewe kwa mDNS, aina ya DNS isiyohitaji seva ya majina: weka programu ya Avahi ndani yake, nayo itaitika kwa jina kama hifadhidata.local kila inapoulizwa kupitia anwani ya pamoja ya 224.0.0.251, mlango 5353. Utaratibu huu hauvuki ruta, hivyo aliye Nakuru hawezi kuutumia kuifikia mashine iliyo Kisumu bila mpango mwingine.

Jina likishatulia, tatizo moja hujitokeza: mashine iliyoundwa upya huja na ufunguo mpya wa SSH wa kuitambulisha, na ssh, ikikumbuka ule wa zamani, hukataa kuunganisha na kutoa onyo kali. Ukiwa na hakika kwamba ni wewe uliyeiunda upya, futa kumbukumbu hiyo kwa amri ya ssh-keygen -R hifadhidata, kisha uunganishe tena.