Kuorodheshwa UNESCO si Hatimiliki: Mfano wa Charro wa Mexico

Kila picha ya wapanda farasi wa Mexico inapozunguka kwenye simu, dawati letu la urithi wa utamaduni usioshikika, yaani ujuzi, ngoma na desturi, hupokea lalamiko lilelile: eti UNESCO imewamilikisha Wamexico farasi, na sisi tumelala. Tunaelewa kwamba wanaouliza wana nia njema. Lakini hakuna aliyemilikishwa kitu, na fedha haziji pamoja na cheti.

Kilichoandikwa kwenye Orodha Wakilishi ya UNESCO ya urithi huo, katika kikao cha Addis Ababa mwaka 2016, ni charrería: ujuzi wa wachunga ng'ombe wa mashamba makubwa. Mashamba hayo yalipovunjwa baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910, ujuzi ulihamia viwanjani ukawa mchezo wenye waamuzi na alama. Chama cha kitaifa kiliundwa 1921, shirikisho 1933.

Tazama tukio moja tu la mchezo huo, pial. Farasi jike asiyefugwa vizuri anapita mbio. Charro, yaani mchezaji wa charrería, naye juu ya farasi wake, anatupa kamba inase miguu ya nyuma, kisha anaizungusha kwenye pembe ya tandiko na kuilegeza kidogo kidogo mpaka mnyama asimame. Kamba husugua pembe hiyo hadi moshi ukafuka. Wapo wazee waliopoteza kidole gumba hapo. Kamba za jadi husokotwa kwa nyuzi za maguey, ndugu wa mkonge uliofika Tanga 1893, ambao asili yake ni huko huko Mexico.

Na tafadhali, mpiga tarumbeta si charro. Mariachi, wanamuziki wa Mexico, waliazima suti ya charro. Muziki wao una faili lake UNESCO, la 2011. Wala charro si wanaume peke yao: kwenye escaramuza wanawake wanane, miguu yote upande mmoja wa tandiko, hupishana katikati ya uwanja kwa kasi.

Sasa utaratibu. Nchi huwasilisha fomu kufikia tarehe 31 Machi. Uamuzi hutoka mwishoni mwa mwaka unaofuata. Lazima jambo liwe tayari kwenye daftari la urithi la nchi. Lazima jamii husika ishiriki na itoe ridhaa kwa hiari, mapema, ikielewa inachokubali. Ridhaa ya mkurugenzi peke yake haitoshi. Baada ya hapo nchi hutoa taarifa kila baada ya miaka sita, na jina huweza kufutwa: kanivali ya Aalst, Ubelgiji, iliondolewa 2019 kwa vikaragosi vya kuwadhihaki Wayahudi.

Orodha haifuti sheria za nchi pia. Jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku kumwangusha farasi kwa kamba tangu miaka ya 1990. Charro wa huko hunasa miguu, kisha huachia kamba kabla mnyama hajaanguka. Atakayemwangusha kwa makusudi hataokolewa mahakamani kwa kuonyesha cheti cha UNESCO.

Kwa hiyo mwenye ngoma ya kwao anayetaka iorodheshwe aanze kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake, si kwetu, wala si makao makuu ya UNESCO Paris. Aende na wachezaji wenyewe, wazee na vijana, waeleze nani anamfundisha nani. Barua ya mtu mmoja tutaisoma, lakini haifungui faili.