Difolti yako haijagoma, umeiacha kwenye faili la jana

Jumatatu nimepokea ujumbe wa sauti wa dakika tatu kutoka kwa kijana niliyemfundisha Excel mwaka jana. Siku hizi anaandika mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi. "Mwalimu, shikamoo. Ile difolti ya jedwali uliyotuonyesha imekufa. Nimeiweka mara nne, nikifungua faili jipya Ctrl+T inaniletea bluu ileile." Difolti ni mtindo ambao Excel hutumia usipochagua mwingine, na Ctrl+T ndiyo inayogeuza orodha kuwa jedwali. Nyuma yake kwenye sauti mtu anauliza bei ya nondo. Huyu ni wa ngapi kuniletea shtaka hili sijui, nimeacha kuhesabu. Naandika leo ili anayefuata nimtumie kiungo, mimi niendelee na chai.

Difolti ya mtindo wa jedwali si ya Excel, ni ya faili. Ukibofya kulia kwenye mtindo ukachagua "Set As Default", umeliambia faili hilo moja tu. Huniamini? Nakili faili lako, badili kiishio cha nakala kutoka .xlsx kiwe .zip, lifungue, ingia folda ya xl, kisha fungua styles.xml kwa Notepad na utafute neno defaultTableStyle. Kwenye faili ambalo hukuligusa utakuta TableStyleMedium2. Hiyo ndiyo bluu inayokukera. Kwenye lile ulilohangaika nalo utakuta jina la mtindo wako. Limeandikwa humo kama jina la mwanafunzi kwenye jalada la daftari, na daftari jipya halina jina mpaka mtu aliandike.

Kutengeneza mtindo wenyewe napita haraka. Excel 2013 na zilizofuata zinakuja na mitindo 60: 21 mepesi, 28 ya wastani, 11 mizito. Hakuna hata mmoja unaoharirika. Bofya kulia unaoupenda, "Duplicate", upe jina, paka unachotaka kuanzia kichwa hadi mstari wa jumla. Aina ya fonti na ukubwa wa herufi vimefungwa, usivigombanie. Muundo wa namba nao haumo, kwa hiyo mikato ya shilingi utaiweka kwenye seli mwenyewe. Rangi chukua zile za mandhari ya faili (Theme), yaani seti ya rangi na fonti za faili zima. Siku bosi akibadili mandhari, majedwali yatafuata bila wewe kukesha.

Ukitaka mafaili mapya yazaliwe na mtindo wako, weka mtindo na difolti kwenye faili tupu, lihifadhi kama kiolezo kwa jina Book.xltx, ndani ya XLSTART, folda ambayo Excel huisoma inapoanza. Andika %appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART kwenye upau wa anwani wa File Explorer, utafika. Halafu fungua faili jipya kwa Ctrl+N. Narudia, Ctrl+N. Kile kikaratasi cha "Blank workbook" kwenye ukurasa wa kuanzia hakipiti kwenye kiolezo chako, na hapo ndipo nusu ya wanafunzi wangu wanapopotelea. Mafaili ya zamani hayatabadilika. Hamishia mtindo kwa kunakili karatasi yenye jedwali lake kwenda faili hilo, kisha weka difolti upya, maana mtindo unasafiri, difolti haisafiri.

Sasa tuje kwenye linalonitoa jasho. Mtu amefanya yote hayo, faili ni lenyewe, anabonyeza Ctrl+T na bado haoni mtindo. "Mwalimu, difolti haishiki." Inashika! Ipo chini ya rangi uliyomwaga kwa mkono. Mtindo wa jedwali unakaa chini ya rangi ya seli, na rangi ya seli hushinda daima. Ukipaka ukuta juu ya karatasi ya maua, usiniulize maua yameenda wapi.

Mbaya kuliko zote ni nyeupe. Mtu anataka "kufuta" rangi ya njano, anachagua nyeupe, anaridhika. Nyeupe ni rangi, jamani. Dalili yake ni rahisi: ile mistari hafifu ya kijivu kati ya seli imepotea. Chagua "No Fill" na mtindo utachomoza. Ipo pia "Apply and Clear Formatting" ukibofya kulia kwenye mtindo, lakini mimi huiogopa kidogo, kwa kuwa haikuulizi ulichokuwa unakipenda. "No Fill" inagusa rangi tu.

Na kwa nini nachukia kupaka mistari kwa mkono, mmoja kijivu mmoja mweupe? Chuja orodha ubaki na saruji peke yake. Mistari ya mtindo inajipanga upya kwa ile inayoonekana. Ya mkono inabaki ilipo: kijivu tatu zimebanana, nyeupe mbili, kijivu moja. Ukipanga kwa tarehe, rangi inahama na seli yake, unapata kanga isiyo na pindo.

Nikiri kitu. Kwa faili la wiki moja mimi mwenyewe napaka kwa mkono, na wala sina hakika kwamba duka lenye kompyuta moja linahitaji Book.xltx. Nafundisha kwa sababu wanaibiana mafaili, na faili la wiki moja huwa linaishi miaka sita.

Yule kijana alikuwa na magonjwa yote mawili, faili jipya na nyeupe juu yake. Yamekwisha. Jana kaniandikia tena: mbona pivoti (PivotTable, jedwali la muhtasari) bado ni bluu? Rudi kwenye styles.xml, mwanangu. Pembeni tu ya defaultTableStyle kuna defaultPivotStyle, nayo inasema PivotStyleLight16. Hiyo ni difolti nyingine.